Faida ya Fundi Haihesabiwi kwa Dodoso Moja

Mhariri aliniomba niandike chochote kwa ajili ya wenzetu wanaojiandaa kwenda nyumbani kukusanya data msimu huu wa likizo, hasa mnaosomea biashara, fedha na uchumi, pamoja na sisi wa uhandisi tunaochungulia watu wakiwa kazini. Mwenzenu nilishakwenda, nikakosea, nikarudi tena. Nimeona bora niwaeleze nilipokosea, maana kosa lenyewe halikuishia kwenye karatasi yangu. Lilimgusa mtu mwingine mfukoni.

Mimi nasomea uhandisi wa uzalishaji, niko kwenye shahada ya uzamivu hapa Uingereza. Swali langu la utafiti si la ajabu: karakana ndogo za samani kule Dar es Salaam zinapoteza wapi muda na mali, na kifanyike nini ili zizalishe zaidi? Kabla ya kusafiri nilisoma sana. Utafiti ulionivutia kuliko wote ulifanyika kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, ukachapishwa mwaka 2013. Nicholas Bloom na wenzake walivichukua viwanda vya makampuni 17, baadhi wakavipelekea washauri wa kuwafundisha mambo madogo madogo: kuandika kasoro za kitambaa kila siku, kutunza mashine kabla hazijaharibika, kupanga stoo ili uzi uonekane. Mwaka wa kwanza tu tija ilipanda kwa asilimia 17. Nikasema, kumbe! Kama India imewezekana, Keko itashindikana vipi?

Nilichosahau ni kwamba vile vilikuwa viwanda vyenye mamia ya wafanyakazi, vyenye ofisi na vitabu vya hesabu. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mzee mmoja, kibarua mmoja na kijana mmoja anayejifunza kazi, chini ya bati.

Kwa nini tunawachunguza watu hawa

Tuanze na historia kidogo, maana kuna faida ya kujua tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wengi walikuwa wakiona watu wa mijini wasio na ajira za kuandikishwa kama watu wasio na kazi kabisa. Keith Hart, aliyekuwa ameishi na wahamiaji kwenye mtaa wa Nima jijini Accra, Ghana, akaonyesha kwamba watu wale walikuwa na shughuli tele, ila hazikuwa kwenye vitabu vya serikali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti yake juu ya ajira nchini Kenya, kazi iliyoongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Ripoti ile ikasema kwamba mafundi na wachuuzi wa Nairobi wanazalisha mali ya kweli, na kwamba badala ya kubomolewa vibanda wasaidiwe. Hapo ndipo neno la sekta isiyo rasmi lilipopata nguvu duniani. Wakenya wenyewe wana jina lao zuri zaidi: jua kali.

Nayasema haya ili mjue kwamba utafiti wa namna hii si mchezo wa kupata digrii tu. Namba tunazoandika zinasafiri. Zinafika kwa mtu wa benki anayeamua nani akopeshwe na kwa mtu wa halmashauri anayeamua nani aondolewe barabarani. Na wakati mwingine, kama ilivyonitokea mimi, zinarudi moja kwa moja kwa yule yule uliyemhoji.

Nilivyofika Keko

Wanaoijua Dar wanaijua Keko, upande wa Temeke, mahali ambapo vitanda, makabati na makochi yamepangwa mpaka kando ya barabara. Nilifika na dodoso la kurasa 14. Msimamizi wangu alilisifu sana. Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa unauliza mauzo ya mwezi uliopita, matumizi ya malighafi, mishahara, umeme, kodi ya eneo na uchakavu wa vifaa.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na TRA au na benki?"

Nikacheka, nikamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi. Nikampa fomu ya kukubali kuhojiwa aweke sahihi, ile ambayo chuo kinadai. Akaitazama, akaigeuza, akairudisha. "Mwanafunzi wa kweli haanzi na sahihi," akasema. Siku ile sikupata kitu. Siku ya pili nilikuja bila karatasi, nikashika msasa nikamsaidia kusugua mbao. Tulipofika kwenye mguu wa nne wa kitanda ndipo alipoanza kuzungumza.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na majibu ya kurasa zote 14, na ya mafundi wengine kadhaa. Nikarudi nyumbani kwa dada yangu, nikafungua kompyuta, nikaanza kujumlisha. Karibu kila karakana ilionyesha hasara. Nikafikiri nimegundua jambo kubwa.

Hesabu yenyewe

Nitawapa mfano wa namba rahisi, nilizozisawazisha makusudi ili mfuate kwa kichwa. Tuseme kitanda cha tano kwa sita kinauzwa shilingi 400,000. Mbao 190,000. Kupasua na kuranda kwenye mashine ya jirani 30,000. Gundi, misumari, msasa na vanishi 40,000. Kibarua 60,000. Jumla ya matumizi 320,000. Kinachobaki ni 80,000.

Sasa mhandisi akaja na akili zake. Fundi mwenyewe ametumia siku 4. Fundi stadi kama yule, nikakadiria, angeajiriwa mahali angelipwa 25,000 kwa siku. Siku 4 ni 100,000. Ukitoa 100,000 kwenye 80,000 unapata hasara ya 20,000. Kwa hiyo kila kitanda anachouza kinamrudisha nyuma.

Nikamwendea mzee kwa furaha kabisa. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Mzee, hivi vitanda vinakula nguvu zako bure. Pandisha bei mpaka 450,000." Hakubisha. Mtu aliyetoka Ulaya, mhandisi, ana kompyuta, nani abishane naye?

Nikaondoka kwenda Morogoro kwa wiki 4 kuangalia karakana za huko.

Kilichotokea

Niliporudi, bei ilikuwa imesharudi 400,000. Mzee alinipokea vizuri kama kawaida, hakusema neno. Aliyenieleza ni yule kijana anayejifunza kazi, tulipokwenda wawili kununua chai.

Bei ilipopanda, wateja walivuka barabara. Pale Keko jirani yako anauza kitanda kile kile hatua 10 kutoka kwako. Sasa, kazi ya mafundi wengi inaendeshwa kwa advansi. Mteja anatoa, tuseme, 250,000 mwanzoni. Mbao zinachukua 190,000, na ile 60,000 inayobaki inakwenda kumlipa kibarua wa kitanda cha mteja aliyetangulia. Mteja mpya ndiye anayemaliza kitanda cha mteja wa zamani. Wateja wapya walipokatika, kitanda kimoja kilibaki kimesimama bila vanishi, mwenyewe akaja juu, akadai hela yake mbele ya watu. Mzee akaenda kukopa ile mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Kitanda kikaisha. Deni likabaki.

Ndugu zangu, sikulala siku ile. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye sura ya mbinu za utafiti wangu: "Mwanangu, hesabu yako ni sahihi. Ila hesabu yako haijui hela inapita wapi."

Nilikosea wapi

Nimeyachambua makosa yangu, nikayapata matatu.

Kwanza, ile 25,000 ya siku. Thamani ya siku ya mtu ni kile ambacho angekipata mahali pengine kama asingekuwa hapo. Hakuna aliyekuwa anamwajiri mzee yule kwa 25,000. Asipotengeneza kitanda anakaa kwenye benchi, anapata sifuri, na kodi ya eneo inadaiwa vile vile. Kwa hiyo 80,000 kwa siku 4, yaani 20,000 kwa siku, haikuwa hasara. Ilikuwa ndiyo riziki yake. Mimi nilichukua bei ya kazi isiyokuwepo nikaiita gharama.

Pili, advansi. Kwenye dodoso langu kila hela iliyoingia niliiandika kama mauzo. Lakini advansi ya kitanda ambacho hakijatengenezwa si mauzo, ni deni. Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Mimi nililijua pia, ila fomu yangu haikuwa na mahali pa kuliandika. Fomu isipokuwa na nafasi ya kitu, kitu hicho kinakuwa kama hakipo duniani.

Tatu, muda. Niliuliza mauzo ya mwezi uliopita na matumizi ya mwezi uliopita. Mbao zilizonunuliwa mwezi ule zilikuwa za vitanda vitakavyouzwa mwezi unaofuata. Nilikuwa namtoa mbuzi kwenye ng'ombe. Ndiyo maana karibu kila karakana ilionekana ina hasara.

Wenzetu walishaliona hili

Niliporudi hapa nilizama maktaba, na kumbe jambo hili lina watu wake. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walilifanyia kazi kwa wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka, wakachapisha mwaka 2009. Waligundua kwamba wafanyabiashara wanataja mauzo pungufu kwa karibu asilimia 30. Waligundua pia kwamba tofauti kubwa kati ya faida anayoitaja mtu na ile unayoipata kwa kutoa matumizi kwenye mauzo inatokana na lile lile la muda: vitu vimenunuliwa mwezi huu, vimeuzwa mwezi ule. Hitimisho lao lilinishangaza: kumuuliza mtu moja kwa moja, kwa swali moja lililotungwa vizuri, faida yake baada ya kulipa matumizi yote ilikuwa ngapi, kunatoa jibu sahihi zaidi kuliko kumpitisha kwenye orodha ndefu ya mauzo na matumizi. Kurasa 14 za nini basi?

Wa pili ni Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, magharibi mwa Kenya. Wao walichunguza kitu ambacho sote tunakijua: chenji. Mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji hana chenji, mteja anaondoka. Kwa hesabu yao, mauzo yaliyopotea hivyo yalikuwa sawa na asilimia 5 hadi 8 ya faida ya wafanyabiashara wale. Lakini kilichonigusa ni kingine. Kule kuwauliza tu kila wiki, "umepoteza wateja wangapi kwa kukosa chenji?" kuliwafanya waanze kubeba chenji zaidi. Yaani swali lenyewe lilibadilisha biashara. Wao walilipima hilo na kuliandika. Mimi nilibadilisha biashara ya mtu bila hata kujua nimefanya hivyo.

Wa tatu ni wale wa shajara za fedha. Kitabu cha Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven kilichotoka mwaka 2009 kilifuata kaya za Bangladesh, India na Afrika Kusini, zikitembelewa karibu kila wiki mbili kwa mwaka mzima, kila hela iliyoingia na kutoka ikiandikwa. Mwaka 2012 na 2013 kazi ya namna hiyo ilifanyika Kenya kwa kaya karibu 300. Wanachosema wote ni kwamba tatizo la mtu wa kipato kidogo si udogo wa hela peke yake. Hela inakuja kwa kushtukiza, leo nyingi, kesho hakuna, na nusu ya akili ya mtu inatumika kuziba siku zisizo na hela kwa siku zenye hela. Advansi, mchezo, kijumbe, kukopa duka la jirani, vyote vinafanya kazi hiyo. Mzee wangu hakuwa hajui hesabu. Alikuwa anafanya hesabu ngumu kuliko yangu.

Mambo ya kuzingatia ukienda

Nimeyaweka kwa namba ili mtu akitaka ayanakili kwenye daftari.

1. Vibali vianze mapema. Tanzania ulizeni COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Ukishafika, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Ukionekana unazunguka na karatasi bila kutambulishwa, utaitwa mtu wa kodi, na majibu yatakuwa ya mtu anayemjibu mtu wa kodi.

2. Iombe kamati ya maadili ya chuo chako ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo. Kwetu sahihi ina historia yake, watu wameuza viwanja kwa sahihi. Mweleze mtu kwa Kiswahili chake, ajue ana haki ya kukataa na ya kuacha katikati.

3. Usimsimamishe mtu kazi. Muda wake ndio mtaji wake. Shika msasa, shika upande wa pili wa ubao, uliza huku mkono unafanya kazi.

4. Swali la faida liwe moja na liwe wazi: "Mwezi uliopita, ukishalipa mbao, vibarua na kodi, wewe ulibakiwa na ngapi?" Halafu uliza tena baada ya wiki mbili, na tena. Majibu manne ya mtu mmoja kwa miezi miwili yana maana kuliko jibu moja la watu wanne.

5. Tenga safu tatu kwenye daftari lako: iliyoingia, iliyotoka, na anayodaiwa. Safu ya tatu ndiyo tunayoisahau. Andika humo kila advansi ya kazi ambayo haijatoka.

6. Simu inasaidia kumbukumbu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo mengi yameacha ujumbe kwenye simu. Mwenyewe akikubali, mpitie ujumbe huo pamoja, yeye akiwa ameishika simu yake. Ila jueni kwamba hela ya nyumba na hela ya karakana zinapita kwenye laini moja, kwa hiyo uliza kila muamala ni wa nini.

7. Usitoe ushauri kabla ya kujua hela inapita wapi. Na ukitoa, usiondoke siku hiyo hiyo kwenda Morogoro.

Mwisho wa habari

Mtauliza, mzee akawaje? Nilibaki pale Keko wiki zote zilizonibakia, kila asubuhi. Nilinunua ubao mweusi mdogo na chaki, tukautundika ndani. Kila advansi ikiingia tunaandika jina la mteja na kiasi, kitanda kikitoka tunafuta. Ni kitu kidogo mno, hakina uhandisi ndani yake. Lakini kwa mara ya kwanza aliweza kusimama akaona ana vitanda vingapi ambavyo hela yake imeshaliwa. Vikizidi vitatu, alisema mwenyewe, hapokei kazi mpya mpaka kimoja kitoke. Kanuni hiyo aliitunga yeye, mimi niliiandika tu. Ile bei ya 400,000 hakuigusa tena, na mimi sikuitaja.

Deni la kausha damu lilichukua miezi kuisha. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nampigia simu. Nilitaka kumsaidia kulipa, akakataa kata kata, akasema yeye ndiye aliyekubali kupandisha bei. Alichokubali ni kwamba nikirudi nimletee msasa mzuri wa huku. Nilimpelekea.

Karakana zake na za wenzake sasa zipo kwenye tasnifu yangu, zile hesabu za hasara nimezitoa, na kosa langu nimeliandika waziwazi. Msimamizi wangu aliniuliza kama nina uhakika nataka kuliacha humo. Nikamjibu kwamba bila hilo kosa, namba zilizobaki hazina wa kuzielezea.

Basi ndugu zangu, nawatakia safari njema wote mnaokwenda. Msalimieni kila mtu nyumbani. Aliye na swali juu ya kazi ya data, au anayetaka kuliona dodoso langu jipya la ukurasa mmoja, tukutane kwenye mkutano wa chama Ijumaa. Nitakuja nalo, na chai nitanunua mimi.